Kulitambua Trekta Kuukuu



Mfugaji akipotelewa na ng'ombe wake, haendi sokoni kuuliza, "Je, mmemwona ng'ombe?" Akiuliza hivyo watu watamcheka. Husema rangi yake, umbo la pembe zake, alama ya moto iliyo pajani, na sikio lililopasuka. Hapo mtu aliyemwona humwambia, "Naam, huyo nimempita mtoni." Lakini mara nyingi mtu huyo huyo, mwenye akili timamu katika habari za ng'ombe, akiharibikiwa na trekta huandika barua kwa mwenye duka la vipuri akisema, "Nina trekta dogo kuukuu. Tafadhali niletee pistoni zake." Mwenye duka naye atafanya nini? Ama atanyamaza, ama atabahatisha. Na atakapobahatisha, fedha zinazopotea si zake.

Katika mazungumzo haya nataka kueleza jinsi mtu anavyoweza kulitambua trekta dogo la zamani, hata kama kibati chake kimefichika na rangi yake imebadilishwa. Nimechagua trekta moja liwe mfano wetu, yaani Ferguson dogo la kijivu, kwa kuwa ni mojawapo ya matrekta madogo yaliyoenea sana duniani, nalo lilifika katika mashamba ya Afrika ya Mashariki vile vile. Atakayejifunza kulisoma hili ataweza kuyasoma na mengine.

Kwanza nitatoa kisa, ili msidhani ya kuwa nasema habari ya mchezo.

Chama kimoja cha wakulima ninachokifahamu kilinunua trekta dogo lililokwisha kutumika miaka mingi. Lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, tena vizuri, hata likang'aa kama jipya. Aliyeliuza alisema ni "Massey Ferguson 35", na dereva akakubali, na wazee wakakubali, maana nani atabishana na dereva? Wakalima nalo msimu mmoja. Msimu wa pili injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula mafuta, na nguvu zikapungua. Fundi akaifungua, akasema silinda na pistoni zimekwisha. Katibu wa chama akaandika barua kuagiza pistoni nne na silinda zake za Massey Ferguson 35 la petroli. Fedha zilizotumwa zilikuwa akiba ya mavuno ya mwaka mzima.

Vipuri vikafika, wiki mbili kabla ya mvua. Fundi akajaribu kuvitia, visiingie. Silinda mpya zilikuwa nene kupita matundu ya injini. Akaja mwalimu wa hesabu na kipimo chake. Pistoni mpya ilikuwa na upana wa milimita 87. Pistoni ya zamani ilikuwa na milimita 85. Tofauti ni milimita mbili tu, wala si unene wa punje ya mtama. Lakini kwa ajili ya milimita mbili hizo mvua ilinyesha, trekta likiwa limefunguliwa chini ya mwembe, na watu wakarudi kwenye jembe la mkono. Wenye nguvu walilima nusu ya mashamba yao. Wajane na wazee, ambao chama kiliwaahidi kuwalimia kwanza, walilima robo, na wengine hawakulima kabisa.

Basi, kosa lilikuwa la nani? Wengine walimlaumu mwenye duka. Lakini mwenye duka alileta kile kile alichoagizwa. Kosa lilikuwa la kutolijua jina la trekta. Tuone sasa jinsi jina hilo linavyotafutwa.

HABARI ZA ASILI YAKE

Haiwezekani kumtambua mtu vizuri bila kujua ukoo wake, na matrekta nayo yana ukoo. Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Down, huko Ireland, mtoto wa mkulima. Alipenda mitambo tangu ujana wake. Mwaka 1909 aliruka angani kwa ndege aliyoiunda mwenyewe. Baadaye alianza kufikiri juu ya plau na trekta.

Matrekta ya siku zile yalivuta plau kwa mnyororo au kwa chuma, kama vile ng'ombe avutavyo gogo. Plau ikikwama katika mzizi, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka, na trekta likainuka mbele kama farasi, likampindukia dereva. Wengi walikufa kwa namna hiyo. Ferguson akabuni njia ya kulifunga jembe kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na kuinua jembe kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Jembe linapokaza ardhini, mkono wa juu husukuma kuelekea mbele, na sehemu ya mbele ya trekta hukandamizwa chini badala ya kuinuliwa. Tena uzito wa jembe huyasaidia magurudumu ya nyuma kushika ardhi. Kwa hiyo trekta dogo na jepesi liliweza kufanya kazi ya trekta kubwa. Mikono hiyo mitatu hutumika hata leo katika matrekta ya viwanda vingi duniani.

Tangu mwaka 1936 mpaka 1939 matrekta yake yaliundwa katika kiwanda cha David Brown, huko Huddersfield, Uingereza. Mwaka 1938 Ferguson alivuka bahari akamwonyesha Henry Ford trekta lake huko Dearborn, Marekani. Wazee hao wawili wakapatana kwa kupeana mkono tu, bila hati. Mwaka 1939 likatoka trekta liitwalo Ford 9N, lenye mtindo wa Ferguson. Lakini mapatano yasiyoandikwa ni kama nyumba isiyo na mlango. Henry Ford alipokwisha kuwaachia wengine kazi, wale waliomfuata waliyavunja mapatano, na mwaka 1947 Ford wakatoa trekta lao wenyewe, liitwalo 8N. Ferguson akaenda mahakamani, na mwaka 1952 alikubali kulipwa dola 9,250,000.

Wakati huo Ferguson alikuwa amekwisha kupata kiwanda kingine. Mwaka 1946, katika jumba kubwa la Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, ambamo injini za ndege ziliundwa wakati wa vita, kampuni ya Standard ilianza kumwundia trekta liitwalo TE20. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1956, na matrekta zaidi ya 517,000 yalitoka mlangoni. Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha kazi yake na kampuni ya Massey-Harris, na baadaye jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson. Mwaka 1956 lilitoka trekta lililofuata, namba 35, la kijivu na rangi kama ya dhahabu. Na baada ya muda mfupi likaanza kupakwa nyekundu.

Sasa mnaona ya kuwa ukoo huu una ndugu wengi wanaofanana uso. Ford 9N, Ford 8N, TE20, na 35, wote wana nyuso za karibu karibu, na wote hufunga jembe kwa mikono mitatu. Ndiyo sababu mtu asiyetazama vema huwachanganya.

SHAHIDI WA KWANZA: KIBATI

Hakimu mwema hamhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Nasi tutaita mashahidi kadha wa kadha, tuone kama maneno yao yanapatana.

Shahidi wa kwanza ni kibati cha namba. Katika TE20 kibati hicho hukaa kwenye ubao wa mbele ya dereva, penye vipimo. Juu yake huandikwa herufi na namba. Herufi T ni ya neno trekta, na E ni ya Uingereza. Matrekta ndugu yaliyoundwa Detroit, Marekani, tangu mwaka 1948, yana herufi TO, maana yake trekta la ng'ambo.

Herufi ya tatu ndiyo yenye habari kuu. Ikiwa hakuna herufi ya tatu, yaani TE20 tupu, injini ni ya petroli iliyoundwa Marekani na kampuni ya Continental; haya ni matrekta ya miaka ya kwanza tu. TEA20 ni la injini ya petroli ya Standard. TED20 ni la mafuta ya trekta yanayofanana na mafuta ya taa. TEF20 ni la dizeli, nalo lilianza mwaka 1951. TEH20 ni la kutumia mafuta ya taa yenyewe. Kuna na mengine yaliyopunguzwa upana: TEB20 na TEC20 ya petroli, na TEE20 ya mafuta ya trekta. Tena TEK20, TEL20 na TEM20 ni membamba zaidi, ya kupita katikati ya mistari ya mizabibu. Mengine yaliundwa kwa kazi za viwandani na barabarani, nayo yana herufi TEP, TER, TES na TET.

Baada ya herufi hufuata namba ya trekta lenyewe. Namba hizo zilikwenda kwa mfululizo mmoja, bila kujali aina. Kwa hiyo namba ndogo ni ya trekta la zamani zaidi, na namba kubwa ni ya trekta la miaka ya mwisho.

Lakini shahidi huyu ana udhaifu wake. Kibati hufungwa kwa misumari midogo, na kinaweza kuhamishwa. Kinaweza kufunikwa kwa rangi. Kinaweza kupotea. Basi, tumsikilize, lakini tusimwamini peke yake.

SHAHIDI WA PILI: CHAKULA CHA INJINI

Fungua boneti. Je, unaona plagi nne zenye nyaya? Ikiwa zipo, injini hii huwashwa kwa cheche, nayo ni ya petroli au ya mafuta ya taa. Ikiwa hakuna plagi wala kabureta, bali kuna pampu yenye mabomba membamba ya chuma yanayokwenda kwenye kila silinda, hiyo ni injini ya dizeli.

Ikiwa plagi zipo, tazama tangi la mafuta. Trekta la petroli lina tangi moja lisilogawanywa. Trekta la mafuta ya trekta lina tangi lililogawanywa sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo, kila moja na mdomo wake. Sehemu ndogo ni ya petroli. Sababu yake ni hii: mafuta mazito hayageuki kuwa mvuke katika injini baridi. Dereva huwasha kwa petroli, husubiri injini ipate moto, kisha hugeuza bomba ili injini ile yale mafuta mengine. Tena katika trekta la namna hiyo utaona bamba la chuma lililofunika mahali pa kutokea moshi, ili joto lisipotee bali lisaidie kuyageuza mafuta kuwa mvuke.

Katika kisa chetu, trekta la chama lilikuwa na tangi la sehemu mbili. Dereva alilijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyemwuliza, naye hakudhani kuwa ni neno la maana. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza hulipa.

SHAHIDI WA TATU: KIPIMO CHA SILINDA

Shahidi huyu hanyamazi wala hanunuliwi, ila sharti injini ifunguliwe. Katika injini za Standard zilizotumia petroli, upana wa tundu la silinda ulikuwa milimita 80 hapo kwanza, kisha ukaongezwa kuwa milimita 85. Zile za mafuta ya trekta zilikuwa na milimita 85. Katika trekta lililofuata, namba 35, injini ya petroli ya Standard ilipanuliwa tena kuwa milimita 87. Mwendo wa pistoni, yaani safari yake ya kupanda na kushuka, ulikuwa milimita 92 katika injini hizo zote tatu. Kwa hiyo mtu akizitazama kwa nje huona kama ni injini moja, na mtu akipima mwendo tu haoni tofauti. Sharti apime upana.

Kwa ninyi wanafunzi, hapa pana hesabu nzuri. Chukua upana, gawanya kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.1416. Hapo umepata eneo la tundu. Lizidishe kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa silinda nne. Ukitumia sentimita badala ya milimita, tundu la 8.0 na mwendo wa 9.2 litakupa kadiri ya sentimita 1,850 za ujazo. Tundu la 8.5 litakupa kadiri ya 2,088. Na tundu la 8.7 litakupa kadiri ya 2,188. Ndipo mtakapoona ya kuwa hesabu za darasani si za kujazia daftari tu.

Kumbukeni jambo moja. Pima silinda mahali ambapo pistoni haisugui, maana mahali pengine pamelika. Tena angalia juu ya pistoni ya zamani. Ikiwa ilikwisha kubadilishwa na nyingine iliyozidishwa unene, mara nyingi kiasi cha kuzidisha kimepigwa chapa hapo.

SHAHIDI WA NNE: MKONO WA GIA

TE20 lina gia nne za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, zote katika mkono mmoja. Tena mkono huo huo ndio unaowasha injini: dereva huusukuma mahali palipoandikwa S, na injini huanza kuzunguka. Hii ni hekima ya usalama, maana haiwezekani kuliwasha trekta likiwa ndani ya gia, likamkanyaga mtu aliyesimama mbele.

Namba 35 lina mikono miwili. Mmoja ni wa gia, na wa pili ni wa kuchagua mwendo wa polepole au wa haraka. Kwa hiyo gia zake ni sita za mbele na mbili za nyuma. Basi, hata mtoto aliyeketi kitini mwa dereva, bila kufungua msumari mmoja, angaliweza kuwaambia wazee wa chama kile ya kuwa trekta lao si 35. Mkono wa pili haukuwapo.

SHAHIDI WA TANO: NDUGU WA MAREKANI

Ikiwa wadhani trekta lako ni Ford wala si Ferguson, tazama kichwa cha injini. Katika Ford 9N, 2N na 8N, kichwa ni bapa na plagi zimesimama juu yake, kwa sababu vali zake ziko ubavuni. Katika Ferguson la Coventry, vali ziko juu, na kichwa kina kifuniko kirefu cha bati kilichoinuka. Tena boneti ya Ferguson huinamia mbele pamoja na uso wake, kama mtu anayesujudu. Ile ya Ford haifunguki hivyo.

Kwa Ford wenyewe kwa wenyewe, hesabu gia na utazame miguuni. 9N na 2N yana gia tatu za mbele, na kanyagio moja la breki liko kushoto na jingine kulia. 8N lina gia nne, na makanyagio yote mawili ya breki yako kulia. Namba yao haiko kwenye kibati, bali imepigwa chapa katika ubavu wa kushoto wa injini. Hapo pana mtego: matrekta ya 2N, yaliyoundwa tangu mwaka 1942 mpaka 1947, yaliendelea kupigwa chapa ya 9N. Kwa hiyo namba peke yake yaweza kumpoteza mtu, asipoita mashahidi wengine.

SHAHIDI WA MWISHO: RANGI

Rangi nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiye shahidi mwongo kuliko wote, naye ndiye watu wanaomwamini kwanza. Kopo moja la rangi hugeuza ujana na uzee, na ukoo pia. Lakini hata mwongo husema kweli akibanwa. Kwangua kidogo mahali ambapo mpakaji hakujali: chini ya betri, nyuma ya ubao wa vipimo, ndani ya boneti, chini ya kiti. Ukikuta kijivu chini ya nyekundu, basi umejua kwamba trekta lilivaa nguo nyingine lilipozaliwa.

JINSI YA KUSAFISHA NA KUSOMA NAMBA

Usitumie patasi, wala tupa, wala mashine ya kunolea, maana namba ikifutika haitarudi. Chukua mafuta ya taa na kitambaa, ulowanishe mahali hapo, uache kwa muda, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu. Mahali pakikauka, paka chaki juu ya chapa na ufute kwa kiganja. Chaki itabaki ndani ya mistari na namba itaonekana. Au weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa upande wa penseli, na namba itajichora.

Jihadhari tena na namba za kalibu. Vyuma vikubwa vilivyoyeyushwa na kumiminwa hutoka na namba zilizoinuka juu ya uso wake. Hizo ni namba za kipande kile, nazo ni sawa sawa katika maelfu ya matrekta. Namba ya trekta lenyewe kwa kawaida imepigwa ndani ya chuma au ndani ya kibati, wala haikuinuka. Wengi wameandika namba ya kalibu katika barua zao, wakashangaa kwamba mwenye duka hakuelewa.

Mwisho, kumbuka ya kuwa trekta lililofanya kazi miaka mingi yaweza kuwa na injini ya trekta jingine. Kibati kikisema TEA na injini ikawa ya dizeli, wala kibati hakisemi uongo wala injini. Kila mmoja asema habari zake. Hapo agiza vipuri vya injini kwa namba ya injini, na vipuri vya mwili kwa namba ya kibati.

Njia hii yafaa hata kwa matrekta madogo zaidi, yale ya bustani. Huko Marekani, kampuni ya International Harvester ilianza kuuza trekta la bustani liitwalo Cub Cadet, la nguvu za farasi 7, kwa msimu wa mwaka 1961. Katika yale yaliyofuata, namba ilibeba maana. 122 na 123 yote yana nguvu za farasi 12. Lakini lenye 2 mwishoni lina gia za kawaida, na lenye 3 huendeshwa kwa nguvu ya mafuta. Kwa macho ni mapacha, kwa vipuri si mapacha. Huko nako atakayetazama rangi peke yake atapotea.

MWISHO WA KISA

Nawarudisha kwa chama chetu. Trekta lilipokuwa bado limefunguliwa, kijana mmoja wa darasa la saba, aliyekuwa akimletea fundi maji, alianza kusugua ubao wa vipimo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hakuna aliyemtuma. Rangi nyekundu ikabanduka kidogo kidogo, na chini yake pakatokea kibati, na juu ya kibati herufi tatu: T, E na D. Kibati kilikuwa mahali pake siku zote, mbele ya macho ya dereva, upana wa kiganja kutoka usukani.

Barua ya pili ikaandikwa. Vipuri vya kweli vilifika mvua zikiwa zinakwisha, na msimu ule haukuokoka. Lakini katibu alifungua ukurasa katika daftari la chama, akaandika mambo sita: herufi na namba ya kibati, namba ya injini, aina ya mafuta, upana wa silinda, hesabu ya gia, na ukubwa wa matairi. Tangu siku hiyo barua yo yote ya kuagiza kipuri huanza kwa maneno hayo sita, na hawajapata tena kuletewa kitu kisichofaa.

Nawasihi mfanye vivyo hivyo kabla ya trekta kuharibika, si baada yake. Na kabla ya kununua trekta kuukuu, waiteni mashahidi hawa wote mbele ya muuzaji. Akiwa mkweli, hatachukia. Mnyama mwenye nguvu za namna hii hutumika kwa vizazi. Matatu ya ukoo huu wa kijivu yalimfikisha Edmund Hillary na wenziwe katika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958, juu ya barafu, mahali ambapo hapana njia wala duka. Nayo yangali yakilima leo katika nchi nyingi, zaidi ya miaka sitini baada ya kiwanda kuacha kuyaunda, kwa sababu wenyewe wanayajua majina yao.